Nchi Jirani: Nairobi na Sauti ya Raia Katika Mikutano ya Mazingira

Mwaka 1972 nchi changa zilipata ushindi mkubwa katika Umoja wa Mataifa, nao ulipatikana pasipo kufyatua risasi hata moja. Mwezi Juni mwaka huo wajumbe wa nchi 113 walikutana Stockholm, Sweden, kuzungumza juu ya mazingira ya mwanadamu. Tarehe 15 Desemba Baraza Kuu liliunda Shirika la Mpango wa Mazingira la Umoja wa Mataifa, na likaamua kwamba makao yake makuu yawe Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Nchi za Ulimwengu wa Tatu zilisimama pamoja, na kwa mara ya kwanza makao makuu ya chombo cha namna hiyo yakawekwa katika ardhi yao.

Azimio lililounda shirika hilo liliyaalika pia mashirika yasiyo ya serikali yatoe msaada na ushirikiano wao. Lakini kualikwa kusaidia si sawa na kupewa haki ya kusema. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobishaniwa na mabalozi kwa zaidi ya miaka 40.

Hoja za serikali katika ubishi huo si za kupuuzwa. Mikutano ya mataifa ni ya dola, na humo nchi ndogo ina kiti kimoja sawa na nchi kubwa. Yapo mashirika yenye fedha nyingi za nchi tajiri, na yakiachiwa ukumbi yaweza kusikika kuliko mjumbe wa taifa maskini. Lakini ipo na hoja ya pili, nayo ni nzito. Mto ukichafuliwa, anayekunywa maji yake ni mwanakijiji, wala si balozi. Kumzungumzia mwanakijiji huyo bila kumsikiliza ni kumfanya mgeni katika shauri lake mwenyewe.

Kenya ilionyesha uzito wa hoja hiyo. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, mahali wanapopumzika watu wa kawaida wa Nairobi. Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa chama cha wanawake wapanda miti, aliandika barua kwa wakubwa wa nchi, na akaandika pia kwa Shirika hilo la Mazingira. Bungeni alilaumiwa vikali, na chama chake kikaondolewa katika ofisi yake. Hata hivyo habari zilikwisha kufika nje, na mwanzoni mwa mwaka 1990 wafadhili wa kigeni wakajitoa. Jumba halikujengwa.

Mwaka 1992 dunia ilikutana Rio de Janeiro, Brazil. Kanuni ya 10 ya tamko la mkutano huo ilisema kwamba mambo ya mazingira hushughulikiwa vyema raia wote wanaohusika wanaposhiriki, wakapewa habari na kufunguliwa mlango wa mahakama. Serikali zilikubali maneno hayo. Kuyatimiza nyumbani kukawa kazi nyingine.

Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake, wabunge wakiwamo, walikwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Msitu huo umepakana na Gigiri, yalipo makao ya Shirika la Mazingira. Walinzi wa kukodiwa waliwapiga, naye akajeruhiwa kichwani. Alipotoa taarifa kituoni, polisi hawakukubali kurudi naye msituni kuwakamata waliomjeruhi. Picha za tukio hilo zilienea duniani, na lawama zikamiminika. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ubishi wa mabalozi haukuishia hapo. Mwaka 2005 nchi wanachama wa Mkataba wa Aarhus, wengi wao wa Ulaya, zilikutana Almaty, Kazakhstan, zikapitisha mwongozo wa kuwashirikisha raia katika mikutano ya kimataifa. Juni 2014 Baraza jipya la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi kwa mara ya kwanza, na serikali zikashindwa kukubaliana juu ya sera ya kuwashirikisha wananchi. Kenya ilikuwa imekwisha kuandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 69, kwamba dola itahimiza ushiriki wa umma katika kuhifadhi mazingira.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Raia wa Nairobi walipona kwa sababu dunia ilikuwa imefika mlangoni mwao na kuona. Lakini haki ya raia haifai kungojea mgeni. Mabalozi huandika kanuni ukumbini. Anayezitimiza au kuzivunja ni mtu mwenye sare aliyesimama langoni, penye bustani au msitu, mbele ya mama mwenye mche mkononi. Askari anayejua sheria ya nchi yake na kumlinda mama huyo ameilinda heshima ya taifa lake, hata kama hakuna kamera karibu.