Kuchagua Vitabu juu ya Waandishi Wanawake: Funzo kutoka kwa Mwana Kupona

Maktaba zetu nyingi hazina fedha ya kununua kila kitabu. Panapopatikana fedha ya kitabu kimoja tu juu ya waandishi wanawake, kitabu hicho ndicho kitakachowafundisha wanafunzi wa miaka mingi jinsi ya kumsikia mwanamke aliyeandika. Kwa hiyo uchaguzi huo si jambo dogo. Tunapenda kuupima kwa mfano mmoja wa kwetu.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Baada ya kufiwa na mumewe, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Tarehe iliyomo ni mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa utenzi huo kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi yao ilistahili shukrani. Lakini jina walilokipa kitabu chao lilisema kwamba haya ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo ni la wahariri, wala si la mtungaji. Hata hivyo wasomaji wengi waliingia shairini kwa mlango huo mmoja. Wakatoka na fundisho moja: mke na amtii mumewe.

Tukisoma utenzi wenyewe, twaona mengi zaidi. Mama anaanza na dini, adabu na ulimi wa kweli. Anapofika kwa mume, anashauri atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Mfano huo peke yake watosha kumfanya msomaji asite na kuuliza ni nani hasa anayeongoza nyumba. Kisha inafuata sala ndefu, ambamo mjane anajiombea na kuwaombea watoto wake wawili. Karibu na mwisho anawaita wanawake wasome na kuelewa. Basi hakusema na binti yake tu.

Mwaka 1971 J. W. T. Allen aliuweka utenzi huo katika mkusanyo wake wa tenzi sita, wenye maandishi ya Kiswahili, tafsiri na maelezo. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliutazama upya kwa upande wa lugha na mamlaka, akikataa usomwe kama fundisho la utii tu. Mtu aweza kumpinga Biersteker; lakini hawezi kumpinga wala kumkubali ipasavyo asipokuwa na beti zenyewe mbele yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa Salme binti Said wa Zanzibar, aliyebatizwa na kuolewa na Mjerumani mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwaka 1993 E. van Donzel alizitoa tena kwa Kiingereza, akaongeza barua ambazo hazikuchapishwa mwandishi alipokuwa hai. Katika kumbukumbu twamwona hasa binti wa Sultani. Katika barua twamwona mjane mgeni huko Ujerumani, mwenye watoto watatu wa kulea. Aliyenunua kitabu cha kwanza tu alipata nusu ya mwanamke huyo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tuulize maswali matatu. Je, kitabu kinatupa maneno ya mwandishi mwenyewe, katika lugha yake, na kwa ukamilifu? Je, kinatenganisha waziwazi maneno yake na maoni ya mhariri? Je, kinaeleza maandishi yalipatikana wapi, na ni nini kilichoachwa?

Sisi tunaozoea kufafanua maandiko twajua hatari ya kuchukua aya moja na kuiacha sura nzima. Uangalifu uleule tunaowadai wanafunzi mbele ya maandiko, tuwape na akina mama hawa. Fedha ikitosha kitabu kimoja tu, basi kiwe kile ambacho ndani yake mwanamke mwenyewe anasema.