Hofu ya mnunuzi hupimwa kwa kadogo Silanga

Maoni ya wanunuzi ni makadirio ya wananchi kuhusu mapato yao, bei za bidhaa na mwelekeo wa uchumi katika siku zijazo. Makadirio hayo huwa na uzito mkubwa nyakati za mashaka, kwa kuwa anayehofia kesho hupunguza matumizi ya leo, na wengi wakifanya hivyo biashara hudorora hata kabla ya hofu yenyewe kutimia.

Utafiti wa aina hii ulianza Marekani mwaka wa 1946, ukiongozwa na George Katona wa Chuo Kikuu cha Michigan. Miongoni mwa maswali yake ni iwapo huu ni wakati mwafaka wa kununua vitu vikubwa vya nyumbani, kama vile fanicha, jokofu au televisheni. Nalo shirika la Gallup International limekuwa likiwauliza wakazi wa mataifa mbalimbali, tangu 1977, kama wanatarajia mwaka ujao uwe bora au mbaya zaidi. Nchini Kenya, Benki Kuu huwahoji wakuu wa benki na kampuni kuhusu matarajio yao.

Maswali hayo humfaa mtu mwenye akiba. Katika kijiji cha Silanga, mtaani Kibera, karibu na Bwawa la Nairobi, wengi hutegemea vibarua na biashara ndogondogo, na mapato hupatikana siku kwa siku. Mtazamo wa mkazi wa huko kuhusu uchumi hujitokeza katika ukubwa wa kipimo anachonunua jioni.

Maduka ya Silanga, sawa na ya Kawangware, huuza bidhaa kwa vipimo vidogo vinavyojulikana kama kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimwa, sukari iliyofungwa kidogokidogo, kipande cha sabuni, majani chai ya siku moja. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo la takriban kilo mbili, au sehemu yake. Mapato yakiwa mazuri, mnunuzi huchukua pakiti nzima. Mashaka yakiingia, hurudi kwenye kadogo. Anayekosa hata hicho huandikwa kwenye daftari la deni, mradi mwenye duka angali na imani naye.

Mara nyingi bei ya vipimo hivyo ikijumlishwa huzidi ya pakiti nzima. Hata hivyo, mnunuzi hafanyi hivyo kwa kutojua hesabu. Pesa anazobakisha ni kinga ya kodi ya nyumba, maji, nauli au ugonjwa wa ghafla. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa anayenunua, haba na haba humwongezea gharama.

Mashaka ya aina hiyo yamejirudia. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, soko la Toi, lililo jirani na Kibera, liliteketezwa na reli inayopitia mtaani humo ikang'olewa. Mwaka wa 2020, baada ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa nchini Machi 13, shirika la Population Council liliwahoji kwa simu wakazi wa mitaa kadhaa ya mabanda Nairobi, Kibera ikiwemo. Wengi walieleza kuwa walikuwa wamepoteza mapato yote au sehemu yake, na baadhi kwamba walikuwa wakiruka milo.

Serikali nayo imewahi kujaribu kutuliza hofu hiyo kupitia ruzuku ya unga wa mahindi. Mwaka wa 2017, pakiti ya kilo mbili iliuzwa kwa Sh90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, kwa Sh100. Ili kunufaika, mnunuzi alihitaji kuwa na fedha za pakiti kwa mara moja, na kuipata dukani kabla haijaisha. Aliyenunua unga wa kupima alibaki akitegemea hiari ya mwenye duka kumpunguzia bei.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama wakazi wa Silanga wana imani na siku zijazo hana budi kuwauliza walinunua kiasi gani cha unga jana, na kama kiasi hicho kimepungua.