Ndege nyepesi ya kujiundia

Ni ndege ndogo, kwa kawaida ya mtu mmoja au wawili, inayoundwa na mmiliki mwenyewe kwa kufuata michoro au kwa kuunganisha vipande vya kiwandani. Mwaka 2004 Marekani iliweka kikomo cha kilo 600 kwa ndege nyepesi za michezo za nchi kavu. Nchini Kenya anajulikana Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyeunda ndege yenye injini ya Toyota, iliyoripotiwa kuwa na kilo 800: ujasiri mwingi, na uzito mwingi pia.

Anayetaka kurusha ndege yake Nairobi aanze na injini. Uwanja wa ndege wa Wilson, jirani na mtaa wa Kibera, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na mbio za kupaa hurefuka, hasa jua likiwa kali. Injini ya Rotax 912 hupendwa kwa kuwa hukubali petroli ya magari. Kisha kuna mwili wa ndege: fundi wa mageti wa mtaa wa Kawangware huenda ana mkono mzuri wa kuchomelea, ila bati la aluminiamu la ndege hufungwa kwa ribiti, na bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) ndege hairuki.