Tarishi Asiyelala

Ijumaa moja, saa tisa usiku, mteja wangu aliye California aliniandikia. Kwake ilikuwa bado Alhamisi, saa kumi na moja jioni, na alikuwa anafunga kazi. Aliomba nirekebishe aya mbili kabla ya siku yake ya pili kuisha. Kazi ya dakika ishirini hivi. Mimi nilikuwa nimelala kwenye bedsita ya Rongai ninayoishi na binamu yangu, simu iko chini ya mto, na simu haikulia. Aliandika tena. Akaandika tena. Jumatatu nilipofungua programu ya kazi kwenye laptopu nilikuta jumbe sita zake. Ya kwanza ilikuwa na salamu, ya mwisho haikuwa nayo. Kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine, pamoja na mkataba wa miezi mitatu niliokuwa nimeshaupigia hesabu ya kodi ya nyumba.

Kinachoniuma ni kwamba wikendi ile nzima nilikuwa na raha. Nilijiambia, manze, wamenyamaza, lazima wamependa kazi. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwasikiliza wahenga Jumamosi?

Wacha nieleze kilichotokea, kwa sababu ni kosa dogo ambalo hata wewe huenda unalo sasa hivi. Nilipojiunga na ile kampuni nilitumia anwani ya barua pepe ya chuo. Nilikuwa bado mwanafunzi, na anwani ya chuo ilionekana ya heshima kuliko ile niliyojifungulia nikiwa kidato cha pili. Nikazima arifa za programu kwenye simu, maana zilikuwa zinamaliza chaji na bando. Nikaweka mpangilio wa barua pepe: nikitajwa au nikiandikiwa moja kwa moja, na sipo mtandaoni, nitumiwe barua. Barua za chuo nazo nilizielekeza zije zenyewe kwenye anwani yangu ya kawaida. Mambo yakaenda sawa kwa miezi. Halafu karo ikanishinda, nikaacha chuo mwaka wa pili, na siku moja, bila kelele, chuo kikafunga anwani yangu. Sikuona kitu chochote kikiharibika. Arifa ziliacha tu kuja, na arifa zikiacha kuja huwezi kupata arifa ya kukwambia zimeacha.

Baada ya hasira kuisha nilianza kujiuliza: hiki kitu, barua inayokuja kukwambia kuna ujumbe mahali pengine, kilitoka wapi?

Neno lenyewe si geni kwetu. Arifa limetokana na kuarifu, na barua za wazee wetu zilikuwa na mahali pake maalum pa kuarifu: baada ya salamu nyingi, za watu na za mifugo, ndipo mtu aliandika, “nakuarifu kwamba...” Habari na mleta habari zilikuwa kitu kimoja. Babu yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja Nakuru miaka ya sabini. Alibeba barua na faili kutoka mlango huu hadi ule, na kwapani alikuwa na daftari. Ukipokea barua unatia sahihi. Akirudi kwa bosi hasemi “nimepeleka,” anafungua daftari na kuonyesha sahihi. Nitalirudia hilo daftari.

Kwenye kompyuta, barua ilianza kabla ya intaneti. Mwaka 1965, pale MIT nchini Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri iliyoitwa MAIL, ili watu waliotumia kompyuta moja kubwa waachiane ujumbe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, wa kampuni ya BBN, akatuma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Lakini ulijuaje kwamba umeandikiwa? Kwenye mfumo wa Unix ilikuwa hivi: ukiingia kuanza kazi, mashine inakwambia una barua. Basi. Kama hukuingia, haikukufuata. Arifa ilikaa mlangoni ikikungoja.

Mwaka 1980 ikaja programu ndogo iliyobadilisha mambo. Pale Berkeley, California, John Foderaro aliandika programu ya kukujulisha papo hapo, ukiwa katikati ya kazi nyingine, kwamba barua imeingia. Akaiita Biff, jina la mbwa aliyezoeleka pale chuoni. Ilisimuliwa kwa miaka kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea mleta barua, ingawa hadithi hiyo inasemekana ilitungwa baadaye kunogesha mambo. Mimi nakipenda kitu kimoja kuhusu Biff: ilikuwa na swichi mbili tu. Ukiandika biff y, inabweka. Ukiandika biff n, inanyamaza. Uamuzi ulikuwa wa mpokeaji, na aliufanya kwa herufi moja.

Baada ya hapo kubweka kukawa biashara. Mwaka 1989 Elwood Edwards alirekodi sauti ambayo kampuni ya AOL iliitumia kuwaambia wateja wake kwamba wana barua, na sauti hiyo ikasikika katika nyumba za mamilioni. Watu waliifurahia. Kupata barua pepe ilikuwa kama kutembelewa na mgeni. Mwaka 1999 kampuni ya RIM ya Kanada ikatoa BlackBerry ya kwanza, na sasa barua ikawa inasukumwa hadi kiunoni mwako popote ulipo. Barua haikusubiri tena uingie ofisini. Ofisi ndiyo iliyoanza kutembea na wewe.

Wengine waliona hatari mapema. Mwishoni mwa 2011 Volkswagen kule Ujerumani ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi kwamba seva ziache kupeleka barua kwenye BlackBerry za wafanyakazi zaidi ya 1,000 nusu saa baada ya zamu kuisha, na zianze tena nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Ona kilichofanyika pale. Hawakumwambia mfanyakazi ajifunze kujizuia. Walimfunga mbwa.

Kisha zikaja programu za kufanya kazi pamoja, ambazo ahadi yao kubwa ilikuwa kutuokoa kutoka kwa barua pepe. Slack ilizaliwa kwa ajali. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wa mtandaoni ulioitwa Glitch. Mchezo ukafa mwaka 2012, lakini chombo walichokuwa wamejitengenezea cha kuzungumza wakiwa kazini kikabaki, na kilikuwa kizuri kuliko mchezo. Wakakitangaza mwaka 2013, na mwaka 2014 kikafunguliwa kwa kila mtu. Microsoft wakafuata na Teams mwaka 2017. Wazo lilikuwa moja: acheni kutumiana barua ndefu, ongeeni kwenye chaneli, kila kitu kikae mahali pamoja.

Sasa cheka nami. Programu iliyokuja kumzika barua pepe ikajikuta inamwajiri awe tarishi. Ukiwa haupo, Slack inakutumia barua kukwambia uko Slack una ujumbe. Unaweza kuchagua zikusanywe kila dakika kumi na tano, au kila saa moja, au zisije kabisa. Kwa nini haikuweza kumwacha? Kwa sababu barua pepe si mali ya kampuni moja. Kanuni za kuisafirisha ziliandikwa wazi na Jon Postel mwaka 1982, na tangu hapo yeyote anaweza kumwandikia yeyote, bila kujali kila mmoja anatumia huduma gani. Programu za kazi ni majumba yenye geti. Anwani ya barua pepe ndiyo kitambulisho unachoonyesha getini. Ukipoteza nywila, unatumiwa barua. Ukialikwa, unatumiwa barua. Kwa hiyo anwani ikifa, unabaki ndani ya jumba lakini hakuna anayeweza kukugongea.

Hapo ndipo nilipoanguka, na nadhani hapo ndipo watu wa rika langu tutaendelea kuanguka. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu mwaka 2009, intaneti iliacha kutegemea setilaiti, na taratibu ikawezekana kijana wa Rongai kumfanyia kazi mtu wa California. Kazi ilikuja, lakini saa zake hazikubadilika. Kule wanafunga ofisi, huku jogoo hajawika. Ufaransa ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni za watu 50 na zaidi kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mitambo baada ya kazi. Hapa kwetu Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa aina hiyo mwaka 2022, na shirikisho la waajiri likaupinga. Nilipousoma nilifurahi, halafu nikakumbuka kwamba sheria kama hizo hulinda mwajiriwa. Mimi sina mwajiri. Nina wateja, na mteja hana haja ya kunifuta kazi. Anaacha tu kuniandikia.

Kwa hivyo mtu wa kazi za mkono kwa mdomo hana biff n. Akizima arifa analala njaa, akiwasha halali. Wakati fulani nilidhani tatizo ni nidhamu yangu. Sasa nadhani swali ni nani ana mamlaka juu ya swichi. Biff ilimpa mpokeaji. Volkswagen ilimpa mfanyakazi na wenzake kwa pamoja. Siku hizi swichi ziko kumi na tano ndani ya ukurasa wa mipangilio, zote zinaitwa zako, lakini aliyeziwasha kabla hujafika ni mwenye programu, na anayekulipa ndiye anayeamua ukizizima utakula nini.

Hapo namrudia babu na daftari lake. Arifa za barua pepe zina kasi kuliko miguu yake, lakini hazirudi na sahihi. Mteja wangu aliona ujumbe wake umeenda, akaamini umefika. Mimi sikuona kitu, nikaamini hakuna kitu. Kila mmoja alikuwa sawa kwa kile alichokiona. Mama mboga wa kwetu alilijua hili zamani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 amepokea jumbe nyingi za pesa, na pia amewahi kuonyeshwa jumbe za uongo. Ukimwambia umetuma, haangalii simu yako. Anaangalia yake, na siku kukiwa na watu wengi anaangalia salio kabisa. Kwake ujumbe unasema tu kwamba pesa zimeingia. Salio ndilo linaloonyesha ziko.

Nimejiwekea desturi kama yake. Anwani ninayotumia kazini sasa ni yangu mwenyewe, haitegemei chuo wala kampuni kunivumilia. Kila tarehe moja naingia kwenye mipangilio ya kila programu ninayofanyia kazi, nasoma anwani herufi kwa herufi, naangalia ni chaneli zipi zinaruhusiwa kuniamsha na zipi hapana. Kisha namwomba binamu, aliye kitandani mwake hatua tatu kutoka kwangu, anitaje kwenye chaneli ya majaribio. Nafunga laptopu, tunapika ugali, tunangoja. Barua ikiingia naandika tarehe kwenye daftari dogo na kutia sahihi. Binamu huniuliza daftari la nini mwaka huu. Namwambia ni la tarishi.

Yule mteja sikumpata tena. Nilimwandikia maelezo yote, kuhusu chuo na anwani na jumbe sita. Programu iliniambia ujumbe umeenda.