Kampuni kubwa na biashara changa katika delta ya Mto Tana

MJI wa Garsen, ulio kwenye barabara ya kutoka Malindi kuelekea Lamu na Garissa, hauna majengo marefu wala makao makuu ya kampuni yoyote ya kigeni. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 ardhi inayouzunguka imewavutia wawekezaji kutoka ndani ya Kenya, Kanada, Uingereza na Qatar.

Wa kwanza kuimezea mate hakuwa mgeni. Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi (TARDA), iliyoundwa mwaka 1974, ilianzisha hapo mradi wa mpunga ambao kingo na mifereji yake viliharibiwa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998. Mwaka 2008 mamlaka hiyo iliungana na kampuni ya sukari ya Mumias kutaka kupanda miwa katika hekta 20,000. Wakazi na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani Malindi, na miwa hiyo haikupandwa. Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Kampuni ya Bedford Biofuels ya Kanada ilikodi ardhi za ranchi ili ipande mbono wa kutengenezea mafuta. Ilifunga shughuli zake mwaka 2013, miezi michache baada ya mapigano ya 2012 na 2013 baina ya Wapokomo na Waorma yaliyoua watu zaidi ya 100. G4 Industries ya Uingereza ilikuwa imekwisha jiondoa mwaka 2011. Mpango wa Qatar wa kulima chakula katika hekta 40,000, uliotangazwa mwishoni mwa 2008, haukutekelezwa.

Mara nyingi mvutano huo huelezwa kama ugomvi wa mkulima na mfugaji kwa upande mmoja, na mwekezaji kwa upande wa pili. Maelezo hayo huwasahau wafanyabiashara wadogo. Maziwa yanayouzwa na akina mama wa Kiorma na Kiwardei mjini Garsen hutegemea malisho ya kiangazi ndani ya delta. Maembe ya Wapokomo hutoka kwenye mashamba ya kandokando ya mto. Wavuvi wa kambare na kamongo huhitaji maziwa ambayo hujazwa na mafuriko. Mtaji wa biashara hizi zote ni maji na nyasi zilezile ambazo wawekezaji waliziita ardhi isiyotumiwa, jina ambalo mwenye ng'ombe wakati wa kiangazi hawezi kulielewa.

Aidha, si kila kampuni kubwa imegombana na wenyeji. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007 kwa ushirikiano na Vodafone ya Uingereza, na huduma hiyo huwafikia wateja kupitia mawakala, wengi wao wenye maduka madogo wanaoweka fedha zao wenyewe na kulipwa kamisheni. Kampuni ya namna hiyo haihitaji malisho ya mtu. Inahitaji mlingoti na muuza duka. Kamisheni ni ndogo, na viwango vyake hupangwa na kampuni, lakini duka hubaki mali ya mwenyewe.

Mwaka 2012 delta hiyo, yenye hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi uandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi, na mpango huo ulizinduliwa mwaka 2015.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wowote na mwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Kinga hiyo ina sharti lake: jamii lazima iwe imesajili ardhi yake. Isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe.