Mkuki, Wavu na Njuga: Zana za Uwindaji wa Buhaya

Uwindaji wa Buhaya ulisimama juu ya vitu vitatu: mkuki, wavu na mbwa. Pinde zilikuwapo, mitego na mashimo pia, lakini katika falme za Kiziba, Kyamutwara, Kianja na Ihangiro, ambazo leo ziko ndani ya wilaya za Missenyi, Bukoba na Muleba mkoani Kagera, msako wenyewe hasa ulikuwa kazi ya kundi la watu waliozoeana, kila mmoja na wavu wake begani na mkuki mkononi.

Sababu iko kwenye ardhi. Ukanda wa Ziwa Viktoria una vilima virefu vinavyokwenda sambamba na ufuo. Vijiji vya migomba vimekaa kama visiwa, na kati yao kuna rweya, uwanda wa nyasi ambao haukuwa kibanja cha mtu. Chini ya vilima kuna mabonde yenye vichaka vilivyosongamana na mafunjo. Mji wa Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kichaka hakikauki wala hakipungui. Pongo hujificha hatua chache kutoka shambani, nguruwe pori hutoka usiku kuchimbua mihogo, na nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, huishi ndani ya mafunjo penyewe. Mshale hauna kazi kubwa mahali ambapo jicho haliendi mbali. Mnyama wa namna hiyo huwa hafuatwi, hutolewa. Ni kusini na magharibi mwa Ihangiro, kuelekea Ziwa Burigi ambako mvua hupungua na mbuga hufunguka, ndiko walikopatikana nyati na makundi makubwa ya wanyama.

Wavu wa kuwindia haufanani na wa samaki. Ulisokotwa kwa kamba nene za nyuzi za mimea, matundu yake mapana kiasi cha kupitisha kichwa cha swala na kulinasa bega. Haukukazwa. Uliegemezwa kwa ulegevu juu ya vijiti vyenye panda, ili mnyama anapojigonga vijiti vianguke na wavu umwangukie na kumzonga. Uliokazwa humrudisha nyuma, naye hupata nafasi ya kugeuka. Nyavu za watu mbalimbali ziliunganishwa ncha kwa ncha kuzunguka upande mmoja wa kichaka, na upande wa pili wakaingia wafukuzaji kwa kelele na mbwa. Mtu mwenye wavu mmoja hakuwa na uwindaji. Mwenye majirani ishirini alikuwa nao. Kwa hiyo wavu ulikuwa pia hati ya kushiriki: aliyeleta wavu alikuwa na haki ya fungu, hata kama mnyama aliangukia wa mwenzake.

Mbwa wa nchi za Maziwa Makuu ni wadogo, wembamba, na wengi wao hubweka kwa nadra. Hilo ni zuri wakati wa kunyemelea na baya baada ya hapo, maana mwenye mbwa hajui mbwa wake yuko wapi. Dawa yake ilikuwa njuga, kengele ya mti au ya chuma iliyofungwa shingoni. Wakati wa kwenda, njuga ilijazwa nyasi ili isilie. Wakifika kwenye kichaka nyasi zilichomolewa, na kuanzia hapo masikio ndiyo yaliyowinda. Mlio wa haraka unaosonga mbele ulikuwa na maana yake, na mlio uliosimama mahali pamoja na kutikisika ulikuwa na maana nyingine: mnyama amesimama, anapambana. Katika zana zote za mwindaji hakuna iliyokuwa ndogo kuliko njuga, na pengine hakuna iliyobuniwa kwa akili zaidi.

Mkuki, unaoitwa ichumu kwa Kihaya, una historia ndefu kuliko vyote, kwa sababu nyuma yake kuna chuma. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, na kwenye ghuba ya Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuru za zamani sana. Zile za Kemondo ni za karne za kwanza baada ya Kristo, na baadhi ya tarehe za Katuruka zimetajwa kuwa za kabla ya hapo. Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuru upya mbele yake: shimo lililosakafiwa kwa udongo wa kichuguu, ukuta wa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, na mivukuto iliyopuliza hewa kupitia mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya moto. Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipata joto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni, yaani aina ya feleji. Wataalamu wengine walibishia maelezo ya hewa iliyopashwa moto, na ubishi huo haujaisha. Lakini kwamba wahunzi wa Buhaya, abahesi, walitoa chuma kizuri kwa karne nyingi, hilo halina mbishi.

Kigumba cha mkuki wa kuwindia kilihitaji sifa mbili zinazopingana: makali ya kupenya ngozi ya nguruwe, na unyumbufu wa kutovunjika mnyama anapojirusha. Mhunzi alikifua tena na tena, akakunja shina lake kuwa tundu la kuingizia uti. Uti wenyewe ulichaguliwa katika miti iliyonyooka yenye nyuzi ndefu. Mkuki huohuo ulitumika nje ya pori. Mwanamume aliposimama mbele ya Mukama, yaani mfalme, kujigamba kwa ebyebugo, majigambo ya kishujaa ya Kihaya, aliushika mkononi na kuutikisa. Katika ikulu ya ufalme jirani wa Karagwe kule Bweranyange, msafiri Henry Morton Stanley alionyeshwa mwaka 1876 hazina ya mfalme Rumanyika yenye mikuki iliyofuliwa kwa ufundi wa hali ya juu, pamoja na sanamu za ng'ombe na za ndege za madini. Mikuki hiyo haikuwa ya kuwindia, ila aliyeiona alielewa mfalme ni bwana wa nini.

Kando ya mkuki kulikuwa na muhoro, mundu wenye ncha iliyopinda, uliofungua njia kichakani, ukakata vijiti vya wavu na hatimaye kupasua nyama. Chakula kilikuwa chepesi: ndizi za kuchoma, na kibuyu cha orubisi, pombe ya ndizi, kwa wanaokwenda mbali. Kitu kimoja hakikuchukua nafasi hata ya kiganja, nacho ni kahawa. Buni za robusta zilichemshwa na majani ya kutia harufu, zikakaushwa, zikatafunwa njiani. Richard Burton, aliyepita Tabora katika safari yake ya 1857 hadi 1859, alisikia kwa wafanyabiashara habari za kahawa ya Karagwe inayotafunwa badala ya kunywewa. Msafiri anayeshuka leo stendi ya Bukoba bado atauziwa buni hizo zikiwa zimefungwa kwenye ganda la mgomba.

Mavazi yalikuwa tatizo. Nguo ya gome la mti, orubugo, ni laini na ya heshima, lakini maji huidhoofisha, na kichaka cha Bukoba huwa na umande hata siku isiyo na mvua. Ngozi ilifaa zaidi. Mvua ikimwaga, mwavuli ulikatwa kwenye mgomba wa karibu na kutupwa ikikoma.

Kulikuwa na maandalizi ambayo hayakubebwa mkononi. Rweya na mapori yalikuwa milki ya Irungu, roho wa nyika anayehesabiwa miongoni mwa Wachwezi, mizimu mikuu ya masimulizi ya kale, na mwindaji hakutoka bila kumkumbuka. Kila ukoo pia ulikuwa na mwiko wake. Babito waliotawala Kiziba hawali pongo, mnyama aliyewindwa kuliko wote, na Bahinda waliotawala Ihangiro na Karagwe hawagusi tumbili. Lipo jambo la kuchekesha hapo: masimulizi ya Kiziba husema mwanzilishi wa utawala wa Babito, Kibi, alitokea Bunyoro akiwa mwindaji, na nyama aliyoigawa ndiyo iliyomfungulia milango ya watu.

Bunduki iliingia kupitia siasa kabla haijaingia porini. Katika miaka ya 1850 Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora, alimsaidia Rumanyika kwa watu wenye silaha dhidi ya ndugu yake Rogero. Msafiri John Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa 1861 alipiga vifaru, akampelekea mfalme vichwa vyao. Upande wa Muleba bunduki ya kuwindia ilijitambulisha vibaya zaidi. Mwezi Aprili 1875, baada ya ugomvi na watu wa kisiwa cha Bumbire, Stanley aliipiga mitumbwi yao kwa bunduki ya tembo yenye risasi za kulipuka, akaizamisha miwili. Miezi michache baadaye alirudi na kundi kubwa kulipiza kisasi, na watu wengi wa kisiwa hicho waliuawa.

Kwa nini basi mwindaji wa kawaida alibaki na gobore mpaka karne ya 20 imekwenda mbali? Jibu liko Brussels. Mkataba uliotiwa saini huko mwaka 1890, mwaka uleule Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika na kuwafikia Waafrika. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachwa ziuzwe chini ya udhibiti. Silaha iliyobaki ilikuwa ya kushindiliwa mdomoni: kipimo cha baruti kutoka kwenye pembe, kitambaa, risasi au vipande vya chuma, kitambaa tena, kisha mdeki wa kushindilia. Risasi moja ikikosa, mnyama hasubiri. Na baruti haipendi unyevu, katika nchi ambayo haina kitu kingine kwa wingi kama unyevu. Si ajabu kwamba wenye gobore waliendelea kwenda na wenye mikuki.

Sheria ilizichukua zana moja baada ya nyingine. Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji za koloni mwaka 1896 na kuleta leseni. Mkataba wa London wa 1900 kuhusu wanyamapori ulitaka nyavu na mashimo vibanwe, na ule wa 1933 ukaongeza ukali. Uingereza, iliyowafuata Wajerumani katika utawala, ilitunga sheria yake ya wanyama mwaka 1921 na nyingine mwaka 1951. Waandishi wa mikataba hiyo waliona bunduki kuwa zana ya mtu mstaarabu na wavu kuwa ukatili, ingawa bunduki ndiyo iliyomaliza tembo na wavu wa kijiji haukuwahi kumaliza pongo. Tanzania huru ilirithi mantiki hiyo katika sheria ya 1974, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, nyavu, mitego, mashimo, mbwa na mwanga wa taa. Njuga haikutajwa, haikuwa na haja, kwa kuwa mbwa ametajwa.

Tanuru nazo zilikuwa zimezimika. Majembe ya kutoka Ulaya yalikuwa nafuu, na kufikia miaka ya 1920 uyeyushaji ulikuwa unakwisha. Wahunzi walihamia kwenye vyuma chakavu, hasa springi za magari, ambazo mpaka sasa hutoa mapanga mazuri.

Kilichochukua nafasi ya wavu ni waya. Kitanzi cha waya hakina mwenye fungu, hakihitaji majirani, hakichagui jike mwenye mimba, na kikisahaulika hunasa mnyama akaoza bila faida kwa yeyote. Baada ya 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipopiga kambi Ngara na Karagwe, ujangili wa mitego na wa bunduki za kivita ulipunguza sana wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato yenye kilomita za mraba 4,707, na uwindaji wowote ndani yake ukawa kosa.

Msako mmoja umebaki halali kwa kila mtu, nao ni wa senene. Otto Mors aliandika mwaka 1958 jinsi wanawake wa Buhaya walivyotoka alfajiri kuokota senene rweyani, wakawapelekea waume zao, nao waume wakawalipa kwa nguo mpya. Wanawake wenyewe kwa desturi hawakuwala. Siku hizi, msimu wa Novemba na Desemba, zana ni taa kali za umeme, mabati yaliyosimamishwa wima na mapipa chini yake. Senene huufuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huangukia pipani. Asubuhi sokoni Bukoba huuzwa kwa kipimo cha kikombe, na wa kukaanga ni ghali kuliko wabichi.