Kibibi hakihitaji jina geni

Gluteni asili yake ni Kilatini: gundi. Mwaka 1950, daktari Mholanzi Willem Dicke alionyesha katika tasnifu yake kwamba ngano huwadhuru watoto wenye maradhi ya siliaki. Leo tunauziwa unga wa “panikeki bila gluteni” kana kwamba ni uvumbuzi. Uvumbuzi gani, jamani? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli. Mchele ni mkongwe pwani, nao ndio wa vibibi: huroweshwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui, kisha hamira, sukari na iliki. Kwa kuwa hauna ile gundi, kibibi hupasuka ukikigeuza kabla vitundu havijakauka juu. Mjukuu wangu, aliyekatazwa ngano, hatengewi sahani. Asubuhi sote twagombania sinia moja. Ila menyu za mahoteli bado zaandika “panikeki za mchele”, ilhali neno lipo.